Saa Janja na Mtamba wa Zamu

Binti yangu ana kibanda cha kutengeneza simu pale Makambako. Aliniletea saa janja ya mkononi, akasema ni kwa ajili ya presha yangu. Ukweli aliutoa baadaye, tukiwa jikoni tunamenya viazi: alikuwa amechoka na hukumu zangu.

"Mama, wewe mtu hajafungua mdomo, umeshamaliza kesi yake," akaniambia.

Nilikasirika sana. Nikamwuliza ni lini nimemhukumu mtu kabla hajafungua mdomo, naye, badala ya kunyamaza kama mtoto mwenye adabu, akaanza kunitajia. Mkusanya maziwa niliyemkataa kwa kuwa ana macho kama ya mjomba aliyetudhulumu shamba. Mwalimu wa kwaya niliyesema hafai kwa sababu ya viatu vyake vilivyochongoka. Mchumba wake wa kwanza yeye mwenyewe. Kwa huyo mchumba nilikuwa sahihi, na nitasema hivyo mpaka nazikwa.

Saa yenyewe inapima mapigo ya moyo. Aliitega hivi: nikiwa nimetulia, halafu moyo ukaanza kwenda mbio, inatetemeka mkononi. Na sheria aliyonipa ilikuwa nyepesi. Ikitetemeka, nisiamue chochote. Nivute pumzi, niulize swali moja zaidi, niangalie kitu kimoja zaidi, ndipo nitoe neno langu. Nilikubali ili aniache nimenye viazi kwa amani.

Siku za kwanza ilinitia aibu. Kwetu ni vilima vitupu, na saa ile, ingawa binti yangu aliapa kwamba ina akili, haikujua tofauti kati ya hasira na mlima. Nikiwa napanda kutoka mtoni inatetemeka, nami kwa utii wangu nasimama katikati ya njia natafuta swali la kuuliza, na wa kuulizwa hayupo ila mbuzi wa watu. Lakini siku moja sokoni Njombe nilikutana na muuza nyanya aliyevaa miwani myeusi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye meza. Moyoni nilishamwita tapeli. Saa ikatetemeka. Basi nikamwuliza, miwani ya nini na jua halipo? Akasema amepasuliwa jicho, daktari amemkataza mwanga. Nilinunua nyanya zake, na zilikuwa nzuri. Hapo nikaanza kuiheshimu kidogo.

Sasa nije kwenye mtamba.

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Njombe, tuna kikundi cha ng'ombe wa maziwa. Mtu anapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, bure, ila ndama jike wa kwanza atakayezaliwa si wake. Anamlea mpaka naye awe mtamba mwenye mimba, kisha anamkabidhi kwa mwenzake ambaye zamu yake imefika, na huyo naye atafanya vivyo hivyo. Anayetoa ndiye anayekwenda kukagua makazi ya waombaji, na akishasema, kikundi hakimpingi. Msimu wa baridi uliotangulia, mtamba mmoja alipelekwa kwenye banda la tope. Homa ya mapafu ikamshika, akafa na mimba yake. Kwa hiyo tulijua sote kwamba ukimpeleka mahali pabaya, umemuua kwa mkono wako.

Wangu sikumpa jina, maana kwetu wa kupelekwa hapewi jina. Lakini nilipokuwa namkamua mama yake, yeye alikuwa ananilamba kisogo, nami nilimwita mwanangu wakati hakuna anayesikia.

Waombaji walikuwa wawili. Mmoja ni rafiki yangu wa tangu usichana. Tunasali jumuiya moja, tunaimba sauti ya pili pamoja, na nikifiwa yeye ndiye anayefika kwanza na kuondoka mwisho. Alikuwa na wajukuu wanaokunywa chai ya rangi kila asubuhi, na mtamba huyo alikuwa amemsubiri mpaka akaacha kuuliza.

Mwingine ni kijana aliyekuja kuoa kwetu, zamani mpiga debe wa stendi ya Makambako. Huyu tulikuwa na kesi naye. Miaka ile nilikuwa natoka Iringa, nimeshuka Makambako nibadilishe gari la Njombe. Akaja mbio anaimba, "Njombe, mama, Njombe hii hapa, inaondoka," akanyakua kikapu changu akakitupia ndani ya basi, nami nikafuata kikapu. Basi lilikuwa la Mbeya. Nilishtuka tumeshafika Igawa kwenye joto lile, nimevaa sweta mbili na viatu vya mpira, jasho linanitoka, watu wananitazama. Tangu siku hiyo sauti yake nikiisikia hata kanisani damu inanichemka.

Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla sijafunga mlango wa nyumba yangu. Nilianza kwa mpiga debe ili nimalize ya kumalizwa.

"Shikamoo mama, karibu, karibu ndani, nafasi ipo," akanipokea, utadhani kuna basi nyuma yake. Saa ikatetemeka. Nikavuta pumzi. Nikamwuliza banda liko wapi, ingawa nilikuwa nimepanga kutouliza kitu. Akanipeleka nyuma ya nyumba, njia nzima anaongea. Sakafu ilikuwa ya mabanzi ya mti wa msonobari, imeinama kidogo ili mkojo uteremke. Akanionyesha pa kulala ng'ombe. "Hapa ni siti ya dirishani, mama, upepo haumpigi lakini nje anaona." Saa ikatetemeka tena, maana maneno kama hayo ndiyo yaliyonifikisha Igawa. Sheria ni sheria. Nikauliza maji anatoa wapi. Bomba lilikuwa hatua chache tu. Nikauliza majani. Akanionyesha mabingobingo yaliyopandwa ukingoni mwa shamba zima, na mengine yamekatwa tayari kwenye kivuli, na ng'ombe hana.

Mwishowe nikashindwa. Nikamwuliza kama ananikumbuka.

Akanitazama vizuri. "Mama, nimepandisha watu wengi."

"Mimi ulinipandisha la Mbeya."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta maharage, akaziba mdomo kwa kanga. Yeye akacheka waziwazi, akasema, "Basi niwie radhi, mama, siku ile lilikuwa limebakiza siti moja." Jamani. Saa ilitetemeka mkononi kama mashine ya kusaga. Ikabidi niangalie kitu kimoja zaidi, nikapanda kwenye kigoda nikachungulia paa. Halikuwa na tundu hata moja. Niliondoka nimenuna.

Kwa rafiki yangu nilikwenda mchana wa siku hiyohiyo. Akanipikia chai ya maziwa ya kununua, yenye tangawizi, na viazi vya kuchemsha. Tukamsema katekista, tukamsema mke wa katekista, tukaimba ubeti mmoja wa wimbo tulioharibu siku ya Pasaka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Saa ilikuwa kimya kama imezimwa. Wakati wa kuaga nikamwambia, "Mwenzangu, kila kitu kiko sawa." Akanishika mikono yote miwili.

Jioni binti yangu akapiga simu kutaka habari. Nikamweleza ya mpiga debe yote, mabanzi, bomba, paa, na ujinga wake. Akauliza, "Na kwa mama mkubwa, rafiki yako, banda likoje?"

Nilijua chai ilikuwa na tangawizi. Nilijua katekista amenunua pikipiki. Banda sikujua hata liko upande gani wa nyumba.

"Saa haikutetemeka," nikamwambia, najitetea.

"Ingetetemekaje, mama? Unampenda."

Nilikaa na simu mkononi nikiona mambo kwa mpangilio mbaya. Yule nisiyempenda nilikuwa nimemkagua mpaka kwenye paa, kwa sababu saa haikuniacha. Huyu nimpendaye nilikuwa nimemnywea chai. Saa ya binti yangu ilikuwa inakamata chuki tu, na upendeleo wangu mkubwa ulikuwa umekaa pembeni unakula viazi, moyo umetulia tuli.

Asubuhi nikarudi. Rafiki yangu alidhani nimesahau mwavuli. Nikamwomba anionyeshe banda, naye akasita kwanza. Lilikuwa nyuma ya choo. Nusu ya paa haikuwepo, kuni zilipangwa mahali pa kulala ng'ombe, na chini palikuwa na tope la kufika kwenye kifundo cha mguu. Majani hayakuwepo. Akasema atarekebisha, mkwe wake ameahidi. Nilitamani sana kumwamini. Nikamkumbuka yule mtamba aliyekufa, na ulimi wa mwanangu kwenye kisogo changu.

"Mwenzangu, siwezi kumleta hapa," nikamwambia.

Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Jana ulikunywa chai ukasema kila kitu kiko sawa." Kisha akaingia ndani, na mimi nikabaki na tope lile. Kosa lilikuwa langu, na lilimwuma yeye.

Mtamba tulimpeleka kwa mpiga debe siku ya Jumamosi, kikundi kizima tukiimba nyuma yake. Mpiga debe alisimama mlangoni mwa banda akampokea kwa sauti ile ya stendi, "Ingia mama, ingia, mizigo nyuma," na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, machozi yananitoka, na sikutaka kuulizwa ni ya nini.

Rafiki yangu hakuja. Kanisani alihamia benchi la mbele. Kwenye kwaya tuliimba sauti ya pili kila mmoja na upande wake, na mwalimu wa viatu vilivyochongoka akatuuliza kama tunaumwa. Niliumia. Mara mbili niliandaa maneno ya kwenda kumwambia, na mara zote mbili nikaishia kwenye lango lake.

Viazi vilipokwisha kuvunwa, alikuja mwenyewe. Akaingia bila hodi kama zamani, akavuta kigoda, akajimiminia chai. Akanywa kwanza.

"Nimejenga," akasema. "Mabanzi chini, bati juu. Mabingobingo nimepanda mpaka kwenye njia ya mapadri."

Nilifurahi mpaka nikasimama. Nikachukua sweta langu msumarini. "Twende basi nikaone."

"Keti," akasema. "Wewe usije. Wewe ukija utakuta ni zuri hata kama ni bovu. Mimi nataka mtamba atakayepona."

"Sasa aje nani?"

"Aje mtu asiyenipenda. Yule mpiga debe wako ananipenda?"

Nikafikiri. "Hapana. Ulisema mbele ya watu kwamba amekupokonya ng'ombe."

"Basi mlete huyo."

Mpiga debe alikwenda, na mwanakikundi aliyekuwa na mtamba wa zamu iliyofuata akakubali akague badala yake. Walisema alikagua kuanzia asubuhi mpaka saa ya kula, akapanda juu ya bati, akamfanya aongeze msumari hapa na mfereji pale, na walirushiana maneno mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza. Alipotoka akakiambia kikundi kwamba mama yule ana mdomo mchafu na banda safi. Sasa rafiki yangu ana ng'ombe, wajukuu wanakunywa chai ya maziwa, na sisi wawili tumerudi kwenye benchi moja. Wanasema banda lake ndilo zuri kuliko yote kijijini. Mimi mpaka leo hajanionyesha.