Nilivyofuata Vichwa vya Mapipa Hadi Mjini

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na nikaachia shule darasa la tatu. Tangu hapo nimelishwa na mikono hii. Nilibeba mawe, nikabeba maji, mwishowe nikaanza kuuza mapipa ya kuwekea maji, na kutoka Mutuini, kwetu hapa pembeni mwa Nairobi, hadi Riruta ni nyumba chache zisizo na pipa langu. Nasema hivi ili mjue kwamba aliyefungiwa kazi juzi si mvivu wala mwizi. Wengi mmeniuliza nilikimbilia nini mjini, na kwa nini banda langu la kuku lilikaa bila paa. Nitaeleza mara moja tu, msinisimamishe tena barabarani.

Mutuini, Jumatatu asubuhi. Afisa wa kaunti anayekagua mambo ya kemikali, mama mrefu anayeitwa Madam Atieno, aliingia uani kwangu na askari wawili. Wasiojua kazi hii waijue. Pipa la bluu hutoka mjini likiwa limezibwa juu, lina vimidomo viwili tu. Mimi hukata kichwa chote kwa msumeno ili jagi liingie, nasugua ndani kwa sabuni na kokoto, naanika. Mteja akija, natia maji humo na kunywa kikombe kizima cha bati akiniangalia. Hiyo ndiyo risiti yangu. Siku hizi wauza mapipa wote hunywa hivyo, lakini aliyeanza ni mimi.

"Mzee, hii ilikuwa na nini?" akauliza Madam Atieno, amegonga pipa moja.

"Ilikuwa chafu. Sasa ni safi."

"Uchafu gani?"

Nikateka maji nikanywa. Alingoja nimalize.

"Umekunywa kikombe moja, na wewe ni mtu mzima. Mtoto atakunywa kwa hii pipa kila siku. Kuna kemikali haina rangi, haina harufu, na inashika kwa plastiki. Nauliza tena, ilikuwa na nini?"

Nikamwambia mimi huuliza bei tu. Akafunga lango langu kwa utepe wa manjano. Akasema nikijua kila pipa lilibeba nini, atafungua. Nisipojua, mapipa yatakatwakatwa yote. Kisha akauliza kama kuna mapipa mengine ya mzigo huo niliyokwisha kuuza. Yalikuwepo matatu, katika shule ya nasari ya Mwalimu Nyambura kule mtaa wa Satellite. "Mpigie sasa hivi," akasema. "Watoto wasiguse hayo maji." Nikapiga. Nikawasha pikapu.

Satellite. Mwalimu Nyambura namjua tangu akiwa msichana wa kwaya kanisani kwetu. Nilimkuta kwenye mlango wa darasa. Watoto walikuwa wanakunywa maji ya chupa alizobeba kutoka kwake nyumbani, na mapipa yangu matatu yalikuwa yamefunikwa kwa gunia kama maiti.

"Karibu, Guka," alisema, maana huniita babu kwa Kikuyu, uso mkavu. "Wazazi wameanza kuniuliza. Wakitoa watoto, mimi nafunga shule."

"Mwalimu, hizo pipa ni safi. Lete maji ninywe."

Nilikuwa nimetoa kikombe mfukoni. Akakipokonya.

"Si ulikunywa hapa hapa, mbele yangu? Ndiyo maana nilinunua. Sitaki unywe tena, Guka. Nataka uniambie ilikuwa na nini. Nenda uniletee jibu, na hii kikombe nitakaa nayo."

Tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyewahi kunipokonya kitu. Nilirudi kwenye pikapu.

Adams Arcade. Nilikuwa naelekea mjini kumwuliza anayeniuzia mapipa, nikasimama hapo kunywa chai, na nikamkuta Kamau, mwenzangu anayeuza mapipa kando ya barabara ya Ngong. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

"Mzee wa Kikombe!" akacheka. "Niaje? Nasikia umefungiwa na utepe kama maiti ya barabarani."

"Utepe utatoka."

"Utatoka hivi. Huko chini mjini kuna kijana anachapa stika. Ukitaka juisi ya embe, anakupatia juisi ya embe. Unabandika kwa pipa, afisa anapiga picha, kwisha maneno."

"Na mtoto akiugua?"

"Ah, Nairobi hii? Mzazi atasema ni malaria."

Nikamwambia hata yeye akibandikwa stika ya embe hatakuwa mtamu, nikaacha chai nusu. Lakini sitawadanganya. Ile stika nilisafiri nayo kichwani mpaka nilipopita Community, karibu kuingia mjini. Ingenifungulia lango siku hiyo hiyo. Kilichonizuia si utakatifu. Nilijiuliza nitamwambia nini Mwalimu akinirudishia kikombe.

Mjini. Mapipa yangu hutoka kwa Mahendra, mfanyabiashara mwenye stoo upande wa chini wa mji. Baba yake ndiye aliyeniuzia pipa la kwanza, kwa hiyo huwa hatufichani.

"Mzee! Leo hakuna kelele ya bei?"

"Leo nataka kujua unaniuzia nini."

Akaniketisha. Akasema yeye huuza glukosi ya watu wa peremende, na kuanzia mzigo wangu huu wa mwisho, huuza pia asidi ya kusafisha boila za viwanda. Mapipa ni ya bluu yote, kiwanda kinachoyatengeneza ni kimoja.

"Basi mtu atajuaje?"

"Si iko alama? Watu ya kaunti walikuja kukagua hapa, tukakubaliana. Pipa ya asidi ikiisha, napaka rangi nyekundu juu, kwa kichwa. Hiyo ni ya kuyeyushwa, si ya maji. Vijana ya stoo wakichanganya kwa gari, mimi najua wewe utaona nyekundu, utaweka kando. Wewe huoni?"

"Naona. Nilidhani ni alama yenu ya kuhesabia."

"Sasa hiyo kichwa nyekundu unafanyia nini?"

"Nakata."

"Halafu?"

"Naezekea banda la kuku."

Mahendra alishika kipaji cha uso. Bahati yake hakucheka.

Ofisi za kaunti, alasiri. Madam Atieno alikuwa anafunga dirisha nilipoingia.

"Madam, jibu liko Mutuini, juu ya kuku."

Nikamweleza. Msumeno wangu ni wa mkono, hauendi sawa. Hapa unapinda, pale unaruka. Kila kichwa kina kingo zake, kitakaa juu ya pipa lake tu. Vichwa vyote vya mzigo huu ninavyo. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu mara ya kwanza. Akachukua mkoba wake. "Twende, mzee."

Njiani kurudi tulipita Satellite, tukapakia mapipa matatu na Mwalimu mwenyewe. Alikalia ukingo wa kiti, kikombe changu mapajani, mpaka Mutuini.

Nyumbani tulibomoa paa la banda, kuku wakatawanyika kwa majirani. Tukaanza kujaribu. Kichwa cha kwanza hakikukaa. Cha pili hakikukaa. Tulipopata cha pipa la kwanza la shule, kililala tuli! Kilikuwa bluu tupu. La pili likapata chake, bluu. La tatu lilituhangaisha, na vilivyobaki karibu vyote ni vyekundu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mke wangu Wambui akachomoa kimoja chini ya kiota, kina mavi ya kuku. Akakipangusa kwa leso. Bluu. Kikakaa.

Mwalimu akaketi juu ya jiwe akalia kidogo, kisha akacheka. Madam Atieno hakucheka. Alisema bluu pekee haitoshi, akachukua maji kwenye vichupa ili yapimwe. Majibu yalikuja baadaye, maji ni mazuri, na hakuna mzazi aliyetoa mtoto.

Vichwa vyekundu vilibaki, na uani mapipa yake tukayapata. Kimoja tu hakikupata pipa lake. Wambui akaingia jikoni, akabingirisha nje pipa letu la kunywea, nililolitoa kwenye mzigo huo huo. Kile chekundu kilikaa juu yake kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo.

"Na huyu ndiye anaonjea watu!" alisema, majirani wote wakisikia.

Tulienda hospitali sote wawili, tukapimwa, tuko sawa. Lakini nimejifunza kwamba tumbo langu si maabara. Maisha yangu yote nimeamini nikivumilia kitu, basi kitu hicho ni kizuri. Mtoto wa nasari hajavumilia lolote bado, na hapaswi kuanzia kwa maji yangu.

Utepe umetoka. Mapipa ya vichwa vyekundu yanarudi kwa Mahendra kuyeyushwa, na Madam hupita kuangalia bila kuitwa. Juzi Kamau alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, vichwa vya mapipa hutunzwaje.

Leo nina shamba dogo Mutuini na nyumba ya mawe. Vyumba vya kupangisha. Pikapu moja ya zamani. Ng'ombe mmoja. Kuku, na banda lenye paa la mabati. Mapipa ya bluu uani, kila moja limefungiwa kichwa chake kwa waya. Mke anayenicheka. Kikombe kimoja cha bati, nilichorudishiwa na Mwalimu. Nanywea chai.