Sekunde Saba za Mama Jibu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwalimu wa hisabati anafungua ofisi ya walimu kwa ufunguo uliofungiwa kwenye kipande cha rula. Anavuta meza ndogo hadi ukutani, anaipanda kwa uangalifu wa mtu wa miaka hamsini na minane, na kuiweka simu yake juu ya kabati la vitabu, ndani ya boksi la chaki lililokatwa tundu upande mmoja.

Hapo tu, karibu na dari, ndipo mtandao unaposhika sawasawa. Anashuka, anapangusa vumbi magotini, anaketi na kungoja.

Baada ya dakika chache simu inalia. Anapanda tena. Ni kampuni ya simu, inamjulisha kwamba kifurushi chake cha intaneti kinakaribia kwisha.

"Siye," anasema, ingawa ofisini hamna mtu wa kuambiwa.

Anayemngoja ni mwalimu ambaye hajapata kumwona kwa macho. Leo ni Ijumaa. Ikifika saa kumi na moja jioni kabla mwalimu huyo hajatuma tathmini yake kwenye tovuti ya mafunzo, kazi ya miaka miwili ya mama huyu itafutwa na atatakiwa kuanza upya. Naye muda wa kuanza upya hana. Miaka miwili ijayo atakuwa amestaafu.

Mafunzo yenyewe ni ya walimu walio kazini, na hutolewa kwa njia ya mtandao. Yana hatua sita. Kila hatua ina video za kutazama, makala za kusoma na zoezi la kufanya darasani, na mwalimu hujisomea kwa wakati wake, palepale alipo. Hatua ya mwisho ina sharti moja zito: mwalimu ajirekodi akifundisha, kisha mwalimu mwingine wa somo hilohilo aitazame video hiyo na aandike alichokiona.

"Aliyeandika sharti hilo anadhani kila shule ina walimu wawili wa hisabati," anasema. Hasemi kwa hasira. Anasema kama anayesahihisha daftari.

Shule yake ina wanafunzi mia tatu na arobaini na mwalimu wa hisabati mmoja, ambaye ni yeye. Ana vipindi thelathini na viwili kwa wiki. Hajapata kuingia darasani amechelewa, viatu vyake hupigwa rangi kila jioni, na ubao huufuta mwenyewe kutoka juu kwenda chini, asiache hata alama moja kwa anayemfuata. Ni mwalimu wa aina ambayo siku hizi haionekani sana, nayo haikupaswa kuadimika.

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alihamishwa miaka saba iliyopita. Walizoea kubaki baada ya vipindi wakibishana juu ya njia ya kufundisha sehemu na milinganyo, na safari moja walinuniana siku mbili nzima kwa sababu ya pembetatu.

"Nilikuwa namwona msumbufu," anasema. "Sasa ningempa kiti changu aje anisumbue."

Mwaka mmoja kabla ya uhamisho huo alikuwa amemzika mumewe. Binti yake wa pekee ni muuguzi katika mji wa mbali. Huzungumza kwa simu kila Jumapili, dakika tatu, nne zikizidi sana.

Kwa hiyo alipojisajili kwenye mafunzo, cheti hakikuwa akilini mwake. Alitaka mtu wa kuzungumza naye habari za sehemu na pembetatu. Aliamini kwamba huko ndani ya mtandao kuna watu.

Wiki ya kwanza, kila alfajiri, aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Habari za asubuhi, walimu wenzangu." Kila alfajiri alijibiwa maneno yaleyale: "Ujumbe wako umepokelewa." Siku ya tano ndipo alipotambua kwamba anayemjibu ni mashine.

"Nikaendelea kuisalimia," anasema. "Walau yenyewe ilikuwa na adabu."

Intaneti anailipia mwenyewe. Akiulizwa ni kiasi gani, hatoi jibu la kukadiria. "Asilimia tisa ya mshahara wangu. Hesabu nimeipiga mwenyewe, na mwezi wenye siku thelathini na moja inazidi kidogo."

Hatua ya tatu ndiyo iliyomtikisa. Iliagiza kila mwalimu ajirekodi akifundisha, ajitazame peke yake, kisha aorodheshe makosa yake. Aliweka simu ndani ya lile boksi la chaki, akalisimamisha dirishani mwa darasa la wanafunzi sitini na mmoja, akafundisha kama kawaida yake. Jioni akaketi mezani kwake na saa ya mkononi, akaanza kutazama.

Katika kipindi cha dakika arobaini, aliuliza maswali thelathini na saba. Thelathini na manne aliyajibu mwenyewe. Tangu kuuliza hadi kujibu, alikuwa akiwapa wanafunzi wake sekunde moja, na nyakati nyingine haikufika.

Wanafunzi humwita Mama Jibu. Jina hilo analo kwa miaka sita, na muda wote huo alilibeba kama nishani, akiamini limetokana na ujuzi wake. Kesho yake, wakati wa chai, alimgeukia mwalimu wa historia, kijana anayemheshimu kama mama yake mzazi ingawa mdomo wake hauna breki.

"Mwanangu, hivi watoto wananiita Mama Jibu kwa sababu gani?"

"Mama, leo ndiyo unauliza?"

"Leo."

"Basi niruhusu nikujibu upesi, kabla hujajijibu mwenyewe."

Ofisi nzima ilicheka. Naye alicheka, kwa kuwa ni mtu wa haki na utani ulikuwa wa kweli. Lakini chai yake aliiacha ikapoa kikombeni.

"Usiku ule nilijisikiliza nyumbani," anasimulia. "Nauliza, 'Mlango nimefunga?' Najijibu, 'Umefunga.' Nauliza, 'Tule nini leo?' Najijibu. Miaka minane hakuna mtu wa kunijibu mle ndani, basi nikazoea. Kumbe mazoea yale nimeyabeba mpaka darasani. Watoto sitini na mmoja wamekaa mbele yangu, na mimi nafundisha kama niko jikoni kwangu."

Makala ya hatua ya nne ilimwelekeza dawa: akisha kuuliza, afunge mdomo na ahesabu hadi saba. Hufanya hivyo kwa mkono wa kushoto, chaki ikiwa katika mkono wa kulia, kidole gumba kikigusa pingili za vidole vingine moja baada ya moja. Siku za mwanzo ukimya ule ulimtoa jasho. Mwanafunzi mmoja alinong'ona, "Mwalimu amesahau," na mwenzake akamjibu, "Nyamaza, anaumwa."

Wiki ya pili mkono mmoja uliinuka. Wiki ya tatu, saba.

Alijaribu na kwa binti yake. Jumapili moja alimuuliza, "Kazi inakwendaje, mwanangu?" kisha akaanza kuhesabu. Alipofika nne, sauti ikasema, "Mama? Upo? Naona simu imekatika."

"Nipo."

"Haya, basi tutaongea Jumapili."

Simu ikakatwa kweli.

Kosa alilolifanya alipowasilisha kazi ya hatua ya tatu lingeweza kufanywa na mwalimu tu. Tovuti ina sehemu mbili za kupakia kazi. Moja ni ya siri, ya mwanafunzi na mkufunzi wake. Nyingine inaitwa Maktaba ya Wote, ambamo walimu huweka masomo yao bora ili wenzao wayatumie. Naye, kwa kujiona mwalimu na si mwanafunzi, video ile ya maswali thelathini na saba, pamoja na karatasi yenye kichwa "Makosa Yangu Ishirini na Matatu", aliiweka katika Maktaba ya Wote.

Alikuja kugundua baada ya wiki tatu. Ilikuwa imetazamwa mara arobaini na moja. Hapakuwa na aliyeandika hata neno moja chini yake.

"Umejianika mwenyewe, Mama," alisema mwalimu wa historia, akiangalia simu ile kwa huruma. "Tena kamba ya mbele ya nyumba."

Alitaka kuiondoa, lakini hakujua namna. Akaona pia kwamba kuficha kosa ulilokwisha kulikiri ni kosa la ishirini na nne. Akaiacha, na idadi ile haikuongezeka tena.

Hatua ya sita ilipofika, aliwaandikia walimu sita wa hisabati kwenye tovuti hiyo, akiomba mmoja awe mwenza wake. Wawili walijibu kwamba wana wenza wao. Wanne hawakujibu. Mwalimu mkuu alijitolea kutia sahihi yeye, yaishe.

"Wewe unafundisha jiografia, Mwalimu Mkuu," alimwambia.

"Nani atajua?"

"Mimi."

Jumatano ya wiki hii, siku mbili kabla ya mwisho, ujumbe uliingia. "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mmoja kati ya wale arobaini na mmoja waliotazama somo lako. Nisiseme uongo, mimi ni kumi na mmoja kati yao, maana nimelitazama mara kumi na moja. Niko peke yangu wa hisabati shuleni kwetu. Nilijipima kwa saa kama ulivyofanya. Wewe husubiri sekunde moja. Mimi sisubiri kabisa."

Aliusoma akiwa amesimama juu ya meza. Akamjibu papo hapo: "Marahaba. Mara kumi na nne nyingine nilikuwa mimi." Kisha akamtumia video ya somo lake la mwisho na ombi lake. Mwalimu yule aliahidi. Tangu hapo, kimya.

Ijumaa inasonga. Saa nne hakuna kitu. Saa saba hakuna kitu. Mwalimu wa historia anamshauri ampigie simu, amsukume. Anakataa.

"Nimemuuliza. Sasa ni zamu yake."

Saa tisa na nusu walimu wanaanza kuondoka, kila mmoja akimuaga kwa sauti ya chini kama anayeaga mgonjwa. Saa kumi ofisi ina viti tisa na mtu mmoja. Anasahihisha madaftari. Hatazami juu ya kabati.

Saa kumi na dakika thelathini na nane, simu inalia. Anamaliza daftari alilolishika, anaweka alama, anafunika kalamu, ndipo anapanda.

Tathmini ina kurasa mbili na imefika. Mafunzo yamekamilika. Anasoma kimya, kisha anarudi kwenye aya moja na kuisoma kwa sauti.

"Dakika ya kumi na tisa uliuliza kwa nini hasi ukiizidisha kwa hasi unapata chanya. Ulisubiri sekunde saba kamili, kisha ukajibu. Mwalimu mwenzangu, tazama dawati la mwisho karibu na mlango. Msichana yule alifungua mdomo katika sekunde ya nane."

Anairudisha video nyuma. Anaangalia. Msichana amefungua mdomo, kisha ameufunga na kuinamia daftari lake. Katika miaka miwili, mwalimu hakumbuki kuisikia sauti yake.

Hakuna shangwe. Anashuka mezani, anairudisha meza mahali pake, anaketi kwenye kiti kilichokuwa cha mwenzake aliyehamishwa.

Mipango yake anayo. Jumatano, mwenza wake alipoahidi, walikubaliana pia wawatafute walimu wengine walio peke yao katika masomo yao, wawe wakitazamana wakifundisha, kila mwezi mara moja. Jumatatu kipindi cha kwanza atauliza swali lilelile la hasi na hasi, na chaki haitagusa ubao mpaka dawati la mwisho litakaposema.

"Na Jumapili nitampigia binti yangu," anasema. "Nitamuuliza habari za kazi."

"Je, na akinyamaza?" anajiuliza.

Kidole gumba kinagusa pingili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nje, mlinzi anafunga madirisha ya madarasa, moja baada ya jingine. Pingili ya saba inapita. Ya nane. Ya tisa.

"Nitabaki kwenye simu," anasema.