Mahari Pamebadirika

Wiki iliyopita mwanangu alitakiwa kupeleka shuleni ramani ya Tanzania iliyobandikwa punje za mahindi, na kama ilivyo kawaida ya watoto, alilikumbuka hilo asubuhi yenyewe, viatu vikiwa tayari miguuni. Gundi hatukuwa nayo. Nikachota unga wa muhogo, nikaukoroga kwa maji ya moto kwenye kikombe cha bati. Ule mvuke wenye uchachu kidogo uliponipanda puani, ramani nikaisahau. Nilijikuta nina miaka tisa tena, nimesimama mbele ya mlango wa mashine ya kusaga pale Matongo, vidole vinanata, nabandika tangazo ambalo nusura liwagombanishe wazee wa koo mbili.

Ninyi mliomo kwenye kundi letu la wasomaji mnanijua: mimi ndiye Bhoke, ninayewaletea habari za shangazi yangu Ghati na vitabu vyake. Ninyi ndio mnaoniuliza kila siku kitabu kimefikia wapi, Weigesa atapona au hatapona, na kwa nini tunachelewa. Wengine mmeshanisema vibaya kwa huko kuchelewa, nami nimewasamehe. Leo nina habari, na ni nzuri, lakini kwanza nataka mjue kazi hii niliianza lini na jinsi nilivyoivuruga mwanzoni kabisa.

Shangazi Ghati ndiye kitindamimba wa babu. Alipomaliza kidato cha nne huko Musoma alirudi nyumbani na sanduku la bati. Ndani hamkuwa na nguo za maana, mlikuwa na madaftari yale makubwa ya jalada gumu. Humo ndimo alimoandika habari za Weigesa, binti wa enzi za mababu, kabla Mjerumani hajafika, aliyezaliwa ndani ya boma la kuta za mawe na kuyasikia mawe yakisema. Yalimwambia maadui wanatokea upande gani, ng'ombe wamefichwa wapi, na nani humo bomani ni msaliti. Sisi tuliokulia jirani na mgodi, tuliozoea baruti kulipuka na sufuria kugongana kabatini, hatukuona ajabu yoyote mawe kuwa na la kusema.

Kila Jumamosi saa tisa, mashine ilipozimwa ipoe, shangazi alisimama mlangoni akasoma sura moja. Wanawake walikaa juu ya madebe yao ya mtama, watoto chini, na yeye kope zimejaa unga wala hajali. Kuna mama mmoja alikuwa akija na kibakuli cha mahindi ambacho hata kuku wawili wasingeshiba, ili mradi tu apate sababu ya kupanga foleni. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote nyumbani, sifa niliyoipenda kupita kiasi, kwa hiyo matangazo yalikuwa yangu: sura ya ngapi, siku gani, saa ngapi.

Babu hakuwahi kwenda kusikiliza. Wakati huo ukoo mmoja wa Genkuru, kijiji cha jirani, ulikuwa umeleta posa, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yakienda polepole, kwa heshima, kama yanavyotakiwa. Kijana mwenyewe, Mwita, shangazi hakumkataa. Kilichomuuma ni maneno ya babu jioni moja uani.

"Siku ng'ombe wakiingia hapa, hayo madaftari unayaacha," babu alisema. "Mke wa mtu hasimami mashineni kupiga kerere."

Shangazi aliinamia kazi yake. Aliendelea kupepeta mtama, ila kwa nguvu mno, na punje zikawa zinamwagika nje ya ungo. Mimi nilikwenda nyuma ya zizi nikalia. Niliona Weigesa anakufa, na aliyemuua si adui hata mmoja kati ya wale tuliowazoea.

Siku chache baadaye mashine ikaharibika. Shangazi akanituma: "Bhoke, waandikie watu kwamba mahali pamebadilika, waje ghala la kahawa." Akachukua jembe, akaenda shambani.

Sasa, kama hukulelewa kwetu, nikueleze kitu. Kikurya hakina "l". Ulimi wetu ukikutana nayo huigeuza "r" bila kuomba ruhusa. Tunakura ugari, kisha tunarara. Na mtoto wa darasa la tatu huandika kama anavyosema. Nilichukua karatasi yangu, nikatoa ulimi nje kama fundi, nikaandika kwa herufi kubwa:

HABARI KWA WAPENZI WA GHATI. MAHARI PAMEBADIRIKA. JUMAMOSI SAA TISA NJOONI GHARA RA KAHAWA.

Maneno "hadithi za" niliyaacha kwa sababu karatasi ilikuwa ndogo na herufi zangu zilikuwa za kujidai. Ile "pa" labda ingeniokoa, lakini nani kwetu anasimama mlangoni mwa mashine kukagua sarufi? Nilibandika siku ya Jumatano. Kufika Ijumaa, Genkuru yote ilikuwa na habari kwamba Mzee Marwa, yaani babu, amepandisha mahari ya binti yake na sasa anawaita wapenzi wake wote, hadharani, washindane. Mwenye mashine alijaribu kulibandua akaambulia vipande vya kona. Nilijisifu sana kwa uji wangu ule wa muhogo.

Jumamosi ghala lilijaa. Wasikilizaji wetu walikuwepo na watoto wao. Walikuwepo vijana waliovaa mashati ya kanisani, wengine hata hawakuwahi kusikia hadithi yoyote. Walikuwepo wazee wa Genkuru wamenuna, na mbele yao babu, ambaye kusoma hajui na ambaye habari zake mwenyewe alizisikia njiani.

"Marwa, tumekosana wapi?" aliuliza Mzee Nyamhanga, msemaji wa wale wageni. "Mahari unabadirisha, harafu unatubandikia mrangoni?"

"Mimi? Mimi nimebadirisha nini?" Babu alifoka.

Shangazi akaingia, daftari kifuani. "Shikamooni, wazee. Si mahari. Ni mahali. Mtoto amekosea herufi."

"Ndiyo, mahari," akasema Mzee Nyamhanga.

"Ma-ha-li, baba."

"Si ndiyo hiyo nasema, binti? Mahari!"

"Sehemu, baba! Sehemu ya kusomea hadithi! Mashine imeharibika, tumehamia hapa!"

Watu walicheka mpaka mabati yakaitikia. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia, natamani mawe ya Weigesa yafunguke yanifiche. Babu hakucheka, wala wazee wa Genkuru hawakucheka, na nilijua kwamba babu akigeuka sasa hivi akaondoka, daftari lile halitafunguliwa tena.

Shangazi hakumpa nafasi ya kugeuka. "Kwa kuwa mmefika," alisema, "kaeni." Akaanza kusoma.

Alisoma jinsi kaka zake Weigesa walivyomfungia nje ya boma kwa sababu wamechoka na habari za mawe. Alisoma jinsi binti yule alivyoweka kiganja ukutani, ukuta ukiwa bado na joto la jua, akasikia jiwe la chini kabisa likimwambia kwamba maadui wako tayari kwenye mto, na watu wake wamelala. Kufikia katikati, Mzee Nyamhanga alikuwa amekalia gunia. Babu alibaki wima kwenye fimbo yake, kisha naye nikamwona anatafuta pa kukaa kwa mkono, macho hayatoki kwa mwanaye. Weigesa alipiga kelele langoni, akapiga tena. Shangazi akafunga daftari.

"Akafunguriwa?" Mzee Nyamhanga aliuliza.

"Jumamosi ijayo, baba."

Mzee akamgeukia babu. "Marwa. Huyu akija kwetu, hii hadithi inaishia wapi?"

Ghala zima lilimwangalia babu. Alikohoa, akagonga fimbo chini.

"Mtoto hakukosea," akasema. "Mahari imebadirika. Ng'ombe ni ware ware. Ira anaorewa na madaftari yake."

Sijawahi kuona fahari kama ile usoni mwa mtu, na hadi leo sijui ilikuwa kubwa zaidi usoni mwa nani, baba au binti. Shangazi aliolewa Genkuru na sanduku lake la bati, na Mwita akamchongea meza. Mimi shangazi hakunigombeza kamwe. Nilidhani ni upole, na kwa miaka mingi nimetamba kwamba kosa langu ndilo lililomwokoa Weigesa.

Juzi nilimpelekea shangazi rasimu ya tangazo la kitabu cha nne aikague. Tulipofika kwenye neno "mahali" tukaangua kicheko, nami, nikiwa mama mzima, nikamwomba radhi kwa lile la zamani.

"Nililiona Alhamisi," akasema, bado anakagua. "Nilicheka peke yangu pale mlangoni mpaka nikakaa chini."

"Sasa mbona hukulibandua, shangazi?"

"Upepo ulikuwa umeinua kona moja. Nilirudi nyumbani nikakoroga unga wa muhogo, nikalishindilia vizuri." Akanirudishia karatasi. "Baba asingekuja kunisikiliza kwa sababu ya hadithi. Kwa mahari angekuja."

Kumbe ule uji niliojisifia haukuwa wangu. Alikuwa na siku mbili za kuogopa, akaijua hatari yote, akaongeza gundi.

Basi habari yenyewe ni hii: kitabu cha nne kimetoka, na shangazi atakisoma Jumamosi saa tisa, ghala la kahawa. Tangazo nimelibandika mimi, kwa unga wa muhogo. "L" zote ziko mahali pake, na kona zote nne zimeshika.