Gunia la Chifu

Harufu ya samaki wakavu ikinikuta sokoni Kakuma, husimama ghafla, kama mtu aliyeshuka lori sasa hivi. Wachuuzi hudhani nataka kununua. Sitaki. Nimekumbuka tu gunia moja, na paka aliyekuwa ndani yake.

Tulimwita Chifu kwa sababu alikula wa kwanza na hakufanya kazi yoyote. Panya wa nyumba yetu kule Lodwar walimpita waziwazi wakienda kwenye shughuli zao, naye akawatazama tu kwa huruma. Nilikuwa bado na mapengo ya meno ya utoto, na usingizi haukunijia bila kusikia Chifu akikoroma mgongoni mwangu.

Asubuhi moja, Baba alipokwisha kwenda kazini, Mama aliniambia tunaenda Kakuma kumwona mama mdogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa. Alisema aliteleza mtoni akichota maji. Niliposema siendi popote bila Chifu nilitarajia kofi. Mama aliketi juu ya ndoo, akashusha pumzi, akanyoosha mkono mzima kuchukua gunia tupu lililowahi kuwa na samaki wakavu wa ziwani.

"Mtie humu, Akiru. Paka akihama asione njia. Akiiona, kesho utamkuta amerudi huku."

Kwetu kila mtu alijua hivyo, hata watoto. Lakini neno lile, akihama, lilinishtua. "Kwani tunahama, Mama? Si tunaenda kutembea tu?" Mama aliendelea kufunga masufuria.

Basi nami nikajipangia langu. Mama alipogeuka nikaingiza kidole kwenye gunia, nikapanua tundu mpaka jicho moja la Chifu likatokea. Kama watu wazima hawataki kusema tutarudi lini, angalau mmoja wetu ataijua njia ya kwetu.

Tulipata lori la mzee mmoja Msomali aliyepeleka vitunguu Kakuma, tukakaa juu ya mizigo. Siku hizo barabara haikuwa na lami. Jua lilituchoma, vitunguu vikatuchoma macho, na Chifu, aliyekuwa ameingia kwa furaha kwa ajili ya ile harufu, akagundua hakuna samaki akaanza kulia. Nilielekeza tundu barabarani nikawa namnong'oneza: ona ile laga, ule mto mkavu, ona mikoma ile miwili, kumbuka kile kilima. Hapo ndipo Mama aliponifunika uso mzima kwa leso yake.

"Vumbi," alisema.

Nilifunua, akafunika. Nikafunua, akafunika tena, mpaka nikachoka. Sikujali sana. Chifu alikuwa anaona.

Mzee aliposimama kuswali, alikisikia kilio. "Mama, hii gunia inalia?"

"Ni paka, mzee."

"Subhanallah! Toa yeye apumue kidogo. Paka ni mtu ya nyumbani."

"Hapana, mzee. Asione njia."

Mzee aliutazama ule mkono uliofungwa, kisha akanitazama mimi chini ya leso. "Sawa, mama. Funga tu vizuri," akasema, akatupatia maji yake ya kunywa, yote.

Mama mdogo alitupokea kwa "Ejok?", salamu yetu ya Kiturkana, na kilio pamoja. Jioni nilimsikia Mama akimwambia, "Akufukuzaye hakwambii toka." Nilishangaa ni nani aliyetufukuza, maana Baba hata hakutuona tukiondoka.

Nilisubiri watusahau kidogo, kisha siku moja nikambeba Chifu mpaka kando ya barabara, nikamgeuza uso kuelekea Lodwar. "Haya, tangulia," nikamwambia. "Nakufuata." Chifu aliketi. Alijilamba mguu, akapiga mwayo, akageuka akarudi zake jikoni kwa mama mdogo, ambako siku hiyo kulikuwa na utumbo wa mbuzi. Nililia hapo barabarani kwa sauti, jamani, nililia kama niliyefiwa. Nilipoinua macho nikamwona Mama amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote.

Hakunigombeza. Alikuja akakaa chini karibu yangu, kwenye vumbi lile lile, tukaitazama ile barabara. "Chifu amechoka," alisema. "Na mimi nimechoka, mwanangu. Twende ndani."

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba mto haukuwa na kosa lolote, kwamba aliyeuvunja ule mkono ni Baba, na haikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na hasira na Mama kwa siku kadhaa. Nilisema: kumbe na mimi ulinitia kwenye gunia! Mama alicheka kicheko chake kile cha kuchoka, akasema vumbi lilikuwepo pia.

Sasa nami nina watoto, na jioni naketi kwenye mlango ule ule, miguu imevimba, nikiyatazama malori yanayoelekea Lodwar. Chifu hakuijua njia kwa sababu hakuitaka. Mimi sikuijua kwa sababu nilifunikwa. Mama ndiye aliyeiona yote, kila laga na kila kilima, na asubuhi zote zile, nilipomlilia anirudishe kwa Baba, njia hiyo ilikuwa pale mbele ya mlango wazi, naye hakuishika. Hakuna aliyemfunika yeye macho.