Mkadam na Winga Wake wa Kushoto

"Simai bila ya mpira wangu ni mtu aliyevaa jezi anakwenda dukani kununua chumvi."

Aliyasema hayo shemegi yangu Mkadam, mwaka 1967, barazani Kikwajuni, mbele ya watu wazima wenye akili zao na vikombe vya kahawa mkononi. Simai mwenyewe alikuwepo, kakaa kwenye ngazi anakula kashata. Hakukasirika. Alipangusa mdomo, akacheka, akasema, "Kweli, kaka." Mtu akimeza tusi namna ile, ama mjinga ama anakupenda, na Simai hakuwa mjinga.

Mkadam kazi yake ilikuwa kusambaza mikate ya boflo. Asubuhi na mapema anapakia baiskeli, anaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, anapiga kengele, na juu huko dirisha linafunguliwa, kikapu kinashuka kwa kamba. Hakuwahi kuandika kitu. Bi Khamisa wa Shangani anataka mkate uliokauka pembeni, ulie kelele akiutafuna. Mzee wa nyumba ya pili hana meno, apewe wa katikati ya trei, ule unaobonyea. Mkate ni mmoja, unga mmoja, tanuri moja, lakini wende ukakosee kikapu, utayasikia. Baada ya mwaka 1964 madirisha kadhaa yalibaki yamefungwa, wenyewe wameshaondoka. Mkadam alijua, maana kila mtu alijua, na bado wiki nzima alisimama chini yake akapiga kengele. Alisema kichwa kimekubali, mkono ndio bado.

Alasiri alikuwa namba tano, kiungo wa katikati, wa timu yetu ya Nyota ya Kikwajuni. Mpira ukishakatwa na mabeki unakuja kwake, na mbele yake kuna washambuliaji watano wamegeuza shingo kama vifaranga. Gharib, sentafowadi, alitaka mpira mguuni, uliotulia, na ikiwezekana uje na salamu. Ame wa kulia aliutaka juu, kwa sababu chini alikuwa akiukanyaga. Mkadam aliwajua wote.

"Mpira ni boflo," alikuwa akisema. "Usimpe mtu tu. Mpe anavyoula."

Mwenyekiti wa klabu aliwahi kutoa amri kwamba mpira ugawiwe sawa kwa sawa, kila mshambuliaji kwa zamu yake, asiachwe mtu. Mkadam akatii mechi moja. Tulifungwa manne. Amri iliingia kwa makelele ikatoka kimya kimya, na mwenyekiti hakuizungumza tena.

Lakini Simai alikuwa kitu chengine. Alikuja mjini kutoka kisiwani Tumbatu, kijana mwembamba, akachukua kazi ya kubeba samaki sokoni, na jioni ya kwanza aliyofika uwanjani alipangwa kushoto kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushoto. Mkadam alimwangalia nusu saa, kisha akaona jambo ambalo sisi wengine tulilitazama miaka bila ya kuliona. Kabla hajakimbia, Simai alivuta bukta yake juu, upande mmoja, kwa vidole viwili. Sisi tulidhani bukta kubwa. Mkadam alicheka peke yake. Mtu wa kisiwani, kabla hajashuka chomboni kuingia majini, hupandisha kikoi. Simai alikuwa akishuka chomboni. Akishapandisha, umebaki muda wa kupumua mara moja, naye yuko nyuma ya beki. Mpira hautakiwi umkute mguuni. Uende mbele yake, udunde mara moja, mara ya pili akutane nao.

Hawakuwahi kulizungumza. Bukta inapanda, mpira unaondoka. Beki anatazama kulia na kushoto kama aliyeibiwa pochi.

Mwaka 1968, asubuhi ya mechi Mnazi Mmoja, mwenyekiti alimsimamisha Mkadam na baiskeli yake.

"Leo kuna bwana anakuja kutoka Dar es Salaam, timu kubwa. Anamtazama kijana wako. Mng'arishe."

Mkadam alirudi nyumbani na mikate sita ambayo hakuisambaza. Jambo hilo halijapata kutokea. Dada yangu Tabia, mkewe, alimuuliza kama anaumwa.

"Wakimchukua, mpira ntampa nani?"

"Si wamebaki wanne?"

"Wale nawagaia tu," alisema Mkadam. Kisha akakaa mlangoni, akala boflo la watu.

Mgeni wa Dar alikaa kwenye kiti, miwani myeusi, mguu juu ya mguu. Mpira ukaanza. Bukta ya Simai ikapanda. Mkadam akampa Gharib. Ikapanda tena. Mkadam akampa Ame, tena chini, naye akaukanyaga. Kipindi kizima cha kwanza ilikuwa hivyo, mpaka waliokuwa karibu na Simai wakadhani kaingiwa na siafu. Bi Mwatum, aliyekuwa akiuza kachori pembeni mwa mstari wa kushoto, alishindwa kuvumilia.

"Mkadam we! Huyu mwana mzima, hana ndui! Mpe!"

"Kushoto kuna kaburi?" akadakia mwengine.

Mgeni wa Dar alikuwa akisafisha miwani yake.

Mapumzikoni walikaa chini kwenye majani. Mkadam hakumtazama mtu. Simai alikuja moja kwa moja, na mimi niliyekuwa nikigawa machungwa nikajisogeza nipate kusikia matusi vizuri. Simai akapiga magoti. Akafungua kamba za kiatu cha Mkadam, akavua kiatu, akavua soksi, akaushika ule mguu wa kulia mapajani mwake.

"Umeteguka tangu lini, kaka? Mbona hukusema?"

"Sijateguka."

"Basi mshipa." Alimwaga mafuta ya nazi kiganjani, kutoka chupa ya kipa, akaanza kuchua. "Nliona tangu mwanzo. Nikasema, kaka hawezi kunisahau, mguu tu huo unamuuma. Hapa?"

Mkadam alitikisa kichwa.

"Hapa?"

"Hapo," alisema Mkadam. Mguu haukuwa na kitu.

"Usijitese basi. Mimi nakungoja palepale."

Chungwa la Mkadam nililila mimi. Yeye hakuligusa.

Kipindi cha pili, mpira wa mwanzo kumfika, hakuinua hata uso. Bukta ilipanda, mpira ukaondoka, ukadunda mara moja karibu na bakuli la kachori, na Simai akakutana nao. Krosi, kichwa cha Gharib, bao, na Gharib akakimbia uwanja mzima kama kwamba mpira kauzaa yeye. Ukaja mwengine, na mwengine. Nimemuona Mkadam akicheza miaka kumi. Siku ile hakukosea hata mmoja. Mgeni wa Dar alisimama na kiti kikaanguka.

Mwezi haukwisha, Simai akaondoka na mkoba mmoja. Bandarini alimpa Mkadam mkono, akasema, "Ntakuja, kaka."

Kushoto tukamuweka kijana mwengine, mtiifu, mwenye bukta inayomkaa vizuri. Haikusaidia. Mpira ukifika kwa Mkadam na nafasi ikifunguka nyuma ya beki, alikuwa anaupiga kulekule, mbele, udunde mara moja, na mara ya pili ukakutana na Bi Mwatum. Watu waliangua kicheko. Walisema Nyota imepata winga mpya, hodari, ila anakaanga. Bi Mwatum mwanzo alitukana. Baadaye akawa anaurudisha kwa mkono bila ya neno, na wakati mwengine anamfungia Mkadam kachori mbili aende nazo. Mwaka 1970 Mkadam akaacha kucheza mwenyewe, hajaambiwa na mtu.

Salamu zilikuja kwa wasafiri. "Simai anauliza, mguu wa kaka umepona?" "Mwambie umepona."

Mwaka 1971 nilikuwa Dar es Salaam nikisoma diploma ambayo mpaka leo inaningoja nirudi. Mkadam akanitokea mlangoni na shati jeupe. Alisema amekuja kutafuta tairi ya baiskeli. Tairi hatukuitafuta. Jumamosi alasiri tulikuwa Uwanja wa Taifa, upande wa jua.

Simai aliingia na jezi nzuri ya hariri, kanenepa kidogo. Mpira ukichezwa kulia, yeye anatembea kushoto, mikono kiunoni. Wakimpa, wanampa mguuni, na beki keshafika. Nyuma yetu watu walianza kumzomea. "Mtoe huyo! Amekuja kununua nini?"

Nikamtazama shemegi yangu. Nilidhani atacheka, maana alilitangaza mwenyewe barazani, na sasa limetimia. Hakucheka. Alikuwa kaegemea mbele, mdomo wazi.

Ndipo Simai akavuta bukta. Upande mmoja, vidole viwili. Nafasi ilikuwepo, nyuma ya beki, hata mimi niliiona. Mwenye mpira akageuka akaupeleka kulia.

Na mimi nikasikia mtu analia "Yallah!" mbele yetu. Mkadam alikuwa kampiga teke la mgongo.

"We mzee vipi?" yule bwana aligeuka na ngumi. "Unapiga nini?"

"Nampa," alisema Mkadam.

"Unampa nani?"

"Yule pale."

Yule bwana alitazama uwanjani, akatazama umbali, akamtazama Mkadam, akasogea kando na mto wake wa kukalia. Bukta ilipanda mara nyingine tatu. Kila mara mguu wa Mkadam ulitikisika, lakini sasa alikuwa kaushika kwa mikono miwili. Firimbi ya mwisho ilipolia, nilimwambia twende mlangoni tukamngoje Simai atoke. Alisema hapana, Simai atamuuliza habari ya mguu, na yeye hana uongo mwengine.

Kiingilio upande wa jua kilikuwa shilingi mbili na thumni, na kwa hizo bukta tuliiona ikipanda mara nne.