Habari za Kumpelekea Bibi Inyonga

Enzi zetu pale Mpanda, habari za ukoo hazikuja zenyewe. Ilibidi mtu azibebe kichwani, apande nazo lori, azifikishe zikiwa nzima, na kwetu mtu huyo nilikuwa mimi, Veronika, binti wa fundi baiskeli wa Misunkumilo. Nyie mlioijua dunia kwa kugusa kioo hamwezi kuelewa heshima niliyokuwa nayo.

Misunkumilo ya wakati ule ilikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Ukizunguka nyuma ya choo chetu unaingia kwenye mahindi, ukiyamaliza mahindi unaingia porini, na huko kulikuwa na matunda ya furu na mbula kufuatana na msimu. Tulirudi na midomo myeusi, na uongo tumeshaupanga njiani. Asubuhi shule, mchakamchaka na nyimbo, jembe begani na kidumu cha maji mkononi. Jioni rede na kombolela mpaka sketi inaachia mshono. Siku hizi mtoto akikimbia kutoka sebuleni hadi jikoni anapewa maji ya matunda apoze koo.

Kazi ya kubeba habari niliipata kanisani. Jumapili moja nilirudi nyumbani nikamrudia mama mahubiri yote ya padri, pamoja na kikohozi chake mahali alipokohoa. Mama aliacha kupepeta mchele, akaniangalia sana, akasema, "Wewe ndiye utakayekwenda kwa mama."

Bibi Kalunde, mama yake mama, alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mjane, akiishi peke yake porini, mwendo wa kutosha kutoka barabarani. Hakujua kusoma, na barua hakuitaka. Alisema mtu akimsomea barua maana yake mtu huyo amezisikia habari zake kabla yake, na hilo hakuweza kulivumilia. Baba asingeweza kwenda mwenyewe, kwa sababu kwa mila za kwetu mkwe hakai akapiga soga na mama mkwe. Mjomba Sabasi, mdogo wake mama, alikuwa utingo wa lori la tumbaku na alipita Inyonga mara kwa mara, lakini kwa habari hakufaa kitu. Ukimuuliza watu wa Mpanda wanaendeleaje, anajibu, "Wazima." Bibi alikuwa akisema, "Kwa Sabasi kila mtu ni mzima mpaka siku anayozikwa."

Basi kila likizo ilipokaribia, mama alinikalisha kwenye kigoda jikoni akanifundisha. Kwanza waliozaliwa, kisha waliochumbiwa na walioolewa, kisha shule, kisha shamba, kisha wagonjwa, na waliofariki mwisho kabisa. Nikikosea mpangilio ananigonga na mwiko wa ugali, si kwa nguvu. Baba naye alikuwa na fungu lake. Starehe yake ilikuwa redio, na jioni nzima aliikumbatia mapajani kama mgonjwa, akiigeuza huku na huku ipate sauti. Aliniita pembeni na kusema, "Mwambie mama mkwe Wachina wanaendelea na reli ya kwenda Zambia. Mwambie na kule Msumbiji vita bado."

Nilipanda juu ya magunia na mjomba, na nilifika mwekundu kama tofali, nikinuka tumbaku. Njia nzima nilikuwa nikirudia habari zangu midomo ikicheza, watu wakadhani nasali.

Sheria ya bibi ilikuwa moja: mgeni haulizwi kitu mpaka anywe maji, aoge, na ale. Aliniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, na wakati mwingine sega la asali linalochuruzika. Na wakati natafuna, yeye alikuwa anaungua. Alifagia palipofagiwa. Aliinua chungu, akakitua, akakiinua tena. Mimi nilitafuna polepole makusudi, kwa sababu nilijua nimeshika nini.

Halafu mkeka ulitandikwa kivulini mwa nyumba, na hapo ndipo nilipojifunza udadisi ni nini. Kila habari niliyoitoa aliirudia kwanza, "Eee, kachumbiwa," kisha maswali yakaanza. Alikuwa amevaa nini? Mama yake alicheka au alitabasamu tu? Nani hakuja? Habari za baba alizisaili vilevile.

"Hao Wachina wanakula nini?"

"Sijui bibi. Redio haikusema."

"Sasa redio hiyo ya nini?"

Nikirudi nyumbani nilimpelekea baba lile swali la chakula cha Wachina, naye akakaa wiki nzima akitega sikio labda watataja.

Jambo jingine lilikuwa kwamba habari hailiwi bure. Ukipewa, unatoa. Na bibi, peke yake porini, habari za watu hakuwa nazo nyingi, isipokuwa za rafiki yake Nyamizi aliyekaa ng'ambo ya kijito. Kwa hiyo alinilipa kwa habari za waliokuwepo. Jogoo mweupe kanyang'anywa mji na mtoto wake wa kuzaa, sasa analala juu ya kichuguu. Tembo walipita, mmoja mdogo akarudi nyuma kuangalia kibuyu cha bibi, mama yake akaja kumfuata kwa hasira. Nyuki wa mzinga ulio kwenye mti wa mninga, mmoja wa mizinga ya magome aliyoachiwa na babu, wamekuwa wakali tangu mvua ichelewe, lakini wale wa karibu na kijito hawana neno na mtu. Alizisimulia kwa uzito uleule wa harusi na msiba. Nilizibeba mpaka Misunkumilo, na mama alizipokea ameinamisha kichwa na kuuliza, "Na yule jogoo, anakula lakini?"

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokaa wametawanyika waliambiwa wahamie kwenye vijiji vipya kando ya barabara, penye shule na zahanati. Wengine walikwenda kwa hiari. Wengine hawakutaka, na mgambo walikuja wakaezua nyumba zao na kuwapakia wao na vyombo vyao, na hilo sitalipamba. Mama alizipata habari hizo stesheni, kwa watu walioteremka kwenye treni. Tangu siku hiyo alikonda. Mawazoni alimwona mama yake amekaa kwenye nyumba isiyo na paa, mzee, peke yake, akibishana na vijana wenye marungu. Aliwaza hivyo akipika, aliwaza hivyo akilima, mpaka baba akamwambia chumvi imezidi kwenye mboga kila siku.

Bibi alikuwa amekataa. Watendaji walimwendea wakamhutubia, akawapa asali wakala, akawaaga. Mjomba Sabasi alimbembeleza akaishia kufokewa. Likizo hiyo mama alinipa neno la kumalizia, baada ya habari zote: "Mwambie mwanao anakuomba uhame kabla hawajakuja. Mwambie silali."

Nilifika, nikanywa maji, nikala, nikazitoa habari zote kwa mpangilio. Kisha nikalitoa lile neno. Bibi akasema, "Mwambie mama yako nimemsikia." Kwa lugha ya bibi maana yake ilikuwa hapana, na mimi niliogopa, kwa sababu nilijua sura atakayokuwa nayo mama nikifikisha jibu hilo.

Halafu, kwa kunilipa, akaanza habari za kwake, na zilikuwa chache. Nyamizi alikuwa ameshahamia kijiji kipya, yeye na mji wake wote. Ng'ambo ya kijito hapakuwa na moshi wala mtu wa kuitikia.

"Si mmepita hapo kijijini?" akaniuliza. "Umemwona?"

"Nimemwona, bibi. Nilikuwa juu ya magunia. Alikuwa mlangoni kwake na mzee mmoja, wanacheka."

"Mzee gani?"

"Sijui."

"Mrefu? Mfupi?"

"Alikuwa amekaa."

"Amevaa kofia?"

"Lori halikusimama, bibi."

Sijawahi kuona mtu akiteseka vile. Alinyanyuka akaenda kuangalia kuku, akarudi. "Wanacheka vipi? Kicheko cha kusikika, au cha kuziba mdomo?" Nikamwambia cha kuziba mdomo. Nadhani hicho ndicho kilichommaliza.

Kesho yake aliamka, akaoga, akajifunga kitenge chake cha kanisani. Akasema anakwenda kumsalimu Nyamizi mara moja tu, akaone, arudi. Alibeba kuku mmoja wa kupeleka zawadi, sawa. Lakini alibeba na mkeka wa kulalia, na chungu. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeshika kibuyu cha asali.

Yule mzee alikuwa kaka yake Nyamizi kutoka Urambo, amekuja kutibiwa mguu. Bibi alisikitika waziwazi. Lakini kufikia hapo alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wa Nyamizi, na pale mlangoni, kila mtu aliyepita alikuwa na habari. Mke wa katibu anagombana na mke wa mwalimu juu ya mfereji. Familia moja kutoka Mpimbwe imekuja na bata, na watu wanabishana kama bata wanaliwa. Nilimwona bibi anageuza shingo huku na huku, macho yamechangamka. Jua lilipoanza kushuka nilimuuliza kama tunarudi. Akanijibu, "Subiri kwanza. Huyu hajamaliza." Mpaka leo namcheka, na mpaka leo namshukuru yule mzee wa Urambo, ambaye jina lake sikulijua. Mjomba Sabasi alihamisha vyombo vilivyobaki, na mgambo walipofika kule porini waliezua nyumba tupu. Mama alipopata habari hiyo kinywani mwangu alikaa chini palepale uani, akalia kwa sauti, kisha akalala usingizi mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Likizo iliyofuata nilimkuta bibi amenenepa. Alijua watu wote kwa majina, na nani anamdai nani habari. Zamu ya kunilipa ilipofika alinimwagia habari za kijiji kizima mpaka nikashindwa kuzipanga. Nikamuuliza, "Na nyuki wa mninga, bibi, bado wakali?" "Sijui, mjukuu wangu. Nitajulia wapi?" Akaendelea na ya mke wa katibu. Nilihuzunika, na sikujua nimhuzunikie nani, maana yeye alikuwa na furaha. Udadisi wake ulikuwa umepata shamba kubwa zaidi, ndiyo hivyo.

Kisha ikaja habari kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba. Mama alijifungua. Ujauzito ule ulimtesa, na kwa muda watu wazima walikuwa wakizungumza kwa kunong'ona sisi watoto tukiingia. Alijifungua salama, mtoto wa kike, na akampa jina la mama yake, Kalunde. Njiani sikula hata muhogo niliopewa. Nililitengeneza neno langu la kwanza, nikalibadilisha, nikalitengeneza upya. Nilipanga nitatafuna matobolwa polepole kuliko siku zote. Nilitaka nimwone uso wakati nalitaja jina.

Nikanywa maji, nikaoga, nikala. Bibi alifagia palipofagiwa. Mkeka ukatandikwa. Nikasema, "Bibi, mama amejifungua salama, mtoto wa kike, na jina lake ni Kalunde."

"Eee," akasema bibi, mikono kifuani. "Kajifungua. Kalunde!" Na machozi yakamtoka.

Wakati huohuo Nyamizi akaingia uani na ungo wake. "Velo! Umekuja! Mdogo wako hajambo? Hapa tulipiga vigelegele juzi mpaka koo zikakauka!"

Mama mmoja wa kijijini, aliyekuwa hospitali Mpanda na mama yangu, alikuwa ameteremka kwenye basi kabla yangu na kusema kila kitu. Kijiji kizima kilijua. Kuku walijua. Niliangalia vidole vyangu vya miguu ili nisilie.

"Nyamizi, toka hapa na kelele zako," bibi akasema. "Huoni mjukuu wangu ananipa habari?" Akanigeukia, akasogea karibu, magoti yakagusana na yangu. "Huyo mama hajui kusimulia. Kasema mtoto, mtoto, basi. Haya, nieleze wewe. Ana nywele za nani?"

Nikamweleza. Alirudia kila neno. Aliuliza alilia vipi alipotoka, nani alimshika kwanza, baba alikuwa amesimama wapi, alisema nini, na alipolisikia jina alifanyaje. Jua lilihama, kivuli kikatukimbia, tukavuta mkeka tukakifuata.

Siku hizi nami ni bibi. Mwezi uliopita huyo Kalunde mdogo, ambaye sasa ana mvi, alipata mjukuu, na nilikuwepo. Nilimpigia simu binti yangu Dar nimwambie. Nilikuwa nimeshalipanga neno la kwanza. "Mama, nimeshaona kwenye grupu," akasema. "Picha zimetumwa tangu asubuhi. Hongereni sana." Hana kosa, mwanangu, ana kazi, na foleni, na watoto. Mtoto wa picha alionekana vizuri kabisa, hata kucha.

Watu wa rika langu hupenda kusema zamani habari zilikuwa tamu kwa kuwa zilichelewa. Mimi sikubali. Siku ile habari yangu haikuchelewa, ilikuwa imefika kabla yangu, na bibi alikuwa ameshailia machozi yake juzi. Alikaa tu kwenye mkeka mchana kutwa, akaniacha nimwambie.