Kabla ya Kupanua Ukumbi, Gonga Nguzo

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, nimejibanza nyuma ya ukumbi wa ngoma hapa Ifakara, jicho langu kwenye ufa wa ukuta, nikimchungulia mzee wa watu. Mwanamke mzima, mke wa mtu, nimejikunyata kama mwizi wa kuku! Leo nacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo.

Umekuja kuniambia kwamba wewe na wenzako mmewekwa kwenye kamati, muamue kama ukumbi wenu wa zamani upanuliwe au uachwe ulivyo. Umesema yupo mzee mmoja anayepinga na hataki kusema kwa nini, nawe unamshuku. Uliposema hivyo utosi ukaniwasha, hapa katikati ya kichwa. Kaa nikueleze kisa cha utosi huu. Chai ipo, na mimi sina haraka.

Miaka ile ya hamsini ukumbi wetu ulikuwa umeshazeeka. Walioujenga ni baba zetu: nguzo za miti, kuta za fito na udongo, juu nyasi, na baadaye mabati mazito yakawekwa kwenye nguzo zilezile. Ndani walicheza dansi vijana wa gitaa na suruali zilizonyooshwa kwa pasi. Sisi wanawake wa ngoma tulichezea nje kwenye vumbi, maana tukiingia sote hapakuwa na pa kuinulia mguu. Wenzetu wa vijiji vya Mofu na Namawala wakija baada ya mavuno, wengine walichezea barabarani huku wakipisha baiskeli. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa wanawake wa ngoma, na nilitaka ukuta wa upande wa mtoni ubomolewe, ukumbi usogezwe mbele, nasi tucheze ndani kama watu. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka nguo mpya.

Wote walikubali isipokuwa Mzee Benedikto. Huyu ndiye aliyetunza ufunguo, mvuvi wa zamani, mkewe alishafariki, na alikuwa miongoni mwa waliozichimbia nguzo zile. Jumbe, mkuu wa kijiji enzi hizo, alimuuliza kwa nini anakataa, akajibu kwamba ukumbi unatosha. Akaulizwa tena, akasema unatosha. Mara ya tatu akanyamaza.

Mimi, mwanangu, nimezaliwa na shaka. Mama yangu alisema hata ziwa nililinyonya jicho moja wazi. Mtu akinipa samaki mmoja namuuliza wa pili kampeleka wapi. Basi mzee aliposema unatosha nikajiuliza anaficha nini, nikaanza kumfuatilia. Nikagundua kwamba kila alasiri anaingia ukumbini peke yake na kujifungia. Nikaona anabeba kopo lililofunikwa jani la mgomba. Nikaona vidole vyake vimekuwa vyeusi, na akisimama na watu anaficha mikono nyuma. Nilipomweleza mume wangu Leonsi, alisema huenda mzee anaunguza samaki tu, hana wa kumpikia. Leonsi alikuwa mtu wa mzaha. Nikamnunia siku mbili.

Ndipo nikaenda kwenye ule ufa. Nikamwona mzee amepiga magoti kwenye nguzo ya kona. Alichimbua udongo kwa kisu, akamimina kitu cheusi kutoka kwenye kopo, midomo inamcheza, kisha akafukia na kusawazisha kwa kiganja pasionekane kitu. Akahamia nguzo ya pili. Akahamia ya tatu. Nywele zilinisimama. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe ni hivyo.

Sikumuuliza. Weka neno hilo kichwani, mwanangu, maana ndilo kosa lenyewe. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na mlango wake haukuwa na kufuli. Ningemwamkia, ningeketi, ningemuuliza. Lakini mtu akishapenda shaka yake hataki jibu, anataka ushahidi.

Kwenye kikao kilichofuata nilipita mbele yake bila kumwamkia. Watu waliona. Jumbe aliponipa nafasi ya kusema nilisimama, nikanyoosha mkono.

"Mzee huyu anazika dawa kwenye nguzo zetu," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu. Ndiyo maana hataki ziguswe."

Mzee Benedikto alinitazama, kisha akaitazama mikono yake. Hakukana. Mimi nikaona hiyo ni dalili tosha.

Sasa, wewe umesoma mjini, labda hulijui hili. Kwetu sisi, hasa tuliotoka upande wa Mahenge, neno la uchawi likishatamkwa mbele ya watu halimezwi tena. Anayetuhumiwa na anayetuhumu huenda wote kwa mganga kunyolewa vichwa, ili mwenye uchawi avuliwe nguvu zake, na mwenye ulimi naye atulie. Wazee wakapanga tuondoke baada ya siku tatu. Jumbe akachukua ufunguo kwa mzee, akanikabidhi mimi. Nilirudi nyumbani naringa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja mifupa ya wenzio.

Kesho yake nikawafungulia wenzangu ukumbi. Tulibanana, lakini raha iliyoje kucheza ndani! Wao wakipiga ngoma, mimi nikachukua jembe na kwenda kwenye nguzo ya kona. Nilitaka nifike kwa mganga na hirizi mkononi. Nikachimba. Hakukuwa na hirizi, wala pembe, wala kitambaa chekundu. Pua yangu ikapata harufu ya lori. Ilikuwa oili chafu, ile ya kufukuzia mchwa. Na mchwa wenyewe walikuwepo, weupe, wamenona, wakitoka ndani ya nguzo.

Sisi wa bondeni hatupandi dungu la mwaka jana, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, kabla ya kugonga nguzo zake. Kila mwaka, tukihamia mashambani kulinda mpunga, mimi ndiye niliyegonga za dungu letu tangu nikiwa binti. Unagonga, unasikiliza. Nguzo nzima inajibu kwa sauti nzito. Iliyoliwa inalia kama mtungi mtupu. Nilijua kazi hiyo kuliko nilivyojua kusuka mkeka. Lakini miezi yote niliyodai ukuta ule ubomolewe, sikugonga nguzo hata moja.

Nikageuza jembe, nikagonga kwa mpini. Ikalia mtungi mtupu. Ya pili, mtungi. Ya tatu, mpini uliingia kwenye mti kama unaingia kwenye ugali. Nikainua macho nikaona mabati juu yetu yanatikisika kwa kila mshindo wa miguu ya wenzangu. Upande ule hakukuwa na kitu kingine kilichoyabeba ila ukuta niliotaka tuubomoe.

Sikupiga kelele. Niliwaambia ndani kuna joto, twendeni nje tukapumzike. Alipotoka wa mwisho nilifunga mlango, nikakaa chini kwenye vumbi. Tungeubomoa ukuta ule kwa nderemo, wanawake wa vijiji vitatu tukiwa tumesimama chini yake.

Nikaenda kwa Mzee Benedikto. Nilimkuta anafunga mkeka wa safari ya kwenda kunyolewa. Nilipiga magoti, nikamwambia shikamoo niliyomnyima barazani. Akaitikia marahaba bila kinyongo, na hiyo iliniuma kuliko matusi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Miti ile niliichagua mimi," akasema. "Wenzangu walitaka tuvuke mto tukatafute mninga usioliwa na mchwa. Mimi nikawaambia hii iliyo karibu inatosha. Ningewaambia nini leo?"

Akaeleza kwamba aliogopa pia ukumbi usije ukapigwa kufuli, vijana wakakosa pa kuchezea. Kila alasiri alimimina oili aliyoomba kwa madereva wa malori, akisali Salamu Maria ili nguzo zisimame mpaka apate nyingine. Hiyo ndiyo midomo niliyoiona ikicheza.

Kwa kweli alikosa. Sikufichi eti kwa sababu ni marehemu. Kimya chake kilikaribia kutuua, na aibu ya mtu mmoja haipaswi kubeba mabati ya watu wote. Lakini yeye alikosa kwa aibu. Mimi nilikosa kwa kiburi.

Nilikimbilia kwa jumbe, nikaungama yote, nikamwomba afute safari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema habari ya nguzo ameielewa, ukumbi utafungwa leo hii, lakini neno langu watu wameshakwenda nalo mtaani Mlabani, na hadi Mofu na Namawala, naye hana wavu wa kulivulia.

Tukaenda. Tulivuka mto kwa mtumbwi mmoja, tukanyolewa kwa wembe mmoja, tumeketi kigoda kwa kigoda. Wakati wa kurudi nilijifunika kanga. Yeye hakuwa na cha kujifunika, jua likampiga kipara chote njia nzima. Nililia. Akaniambia ninyamaze, nywele ni majani tu.

Ukumbi haukupanuliwa mwaka ule. Kila kijiji kilileta nguzo za mninga, tukabadilisha moja baada ya nyingine, na tulipokuwa na hakika na za zamani ndipo tukaongeza upande wa mtoni. Siku ya kuufungua tulicheza ndani, mguu unainuka mpaka juu. Mzee Benedikto hakuingia. Nilimwona amesimama ng'ambo ya barabara, peke yake, na mama mmoja aliyekuwa akipita akamvuta mwanawe upande wa pili. Nilikwenda kumwamkia mbele ya watu wote.

"Marahaba," akasema. "Zimegongwa?"

"Zimegongwa, baba. Zote."

Akakubali kwa kichwa, akaenda zake. Nywele zangu ziliota kabla ya mvua za mwaka uliofuata, nikasuka tena kama zamani. Jina lake halikuota tena. Mpaka tunamzika, wapo waliosimama mbali na kaburi, na neno lililowasimamisha pale ni langu.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikwambii usishuku. Mimi mpaka leo nashuku, hata yeyote anayewaharakisha mjenge namshuku, na nawe mshuku. Lakini anza na kitu kabla ya mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi hakina miguu miwili. Mimi nilimshuku mtu, nikauacha mti. Kabla hamjapiga kura, nendeni na mpini wa jembe mkagonge kila nguzo ya ukumbi ule. Kisha nenda kwa huyo mzee wenu, nyumbani kwake, peke yako. Anza na shikamoo. Muulize, na akinyamaza keti mpaka aseme, hata jua likitua. Na wewe ukizeeka, ukiwa na nguzo mbovu uliyoichimbia mwenyewe, iseme ungali hai.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu akupe sikio la kuisikia nguzo iliyoliwa, akufunge ulimi siku ya hasira, na paa lolote utakalowawekea watu lisimame mpaka wajukuu wako wacheze chini yake. Na ukipita kwenye makaburi ya misheni, lile la kona lisilopaliliwa, simama kidogo umwamkie kwa ajili yangu.